Sabaki: Maji ya Nairobi Yanapofika Baharini

Ukitoka Malindi kwa matatu ya kwenda Mambrui, hukawii kufika daraja la Sabaki. Mwambie dereva akushushe hapo, kisha ufuate njia ya mchanga mpaka mlangoni mwa mto. Vaa kofia na ubebe maji, kwani kivuli ni adimu. Utaona ndege wa pwani makundi kwa makundi na, ukibahatika, masikio ya viboko yakichungulia majini.

Maji yenyewe ni kama chai ya maziwa. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akitengeneza wavu wake, aliniuliza nimetoka wapi. Nilipojibu Nairobi, alicheka.

"Basi, mwanangu, haya ni maji yenu."

Hakukosea. Mto huu huitwa Athi huko bara, huwa Galana ukishaungana na Mto Tsavo, na Sabaki ukikaribia bahari. Mto Nairobi, pamoja na matawi yake Mathare na Ngong, huuletea maji taka ya jiji, yaliyosafishwa na yasiyosafishwa. Mvua nayo husomba mbolea mashambani. (Viboko wa Tsavo pia huchangia choo chao, lakini tusiwasingizie makosa yetu.)

Naitrojeni na fosforasi zinazonenepesha mahindi hunenepesha pia planktoni, yaani vijimea na vijidudu vidogo mno vinavyoelea majini. Bila hivyo Ghuba ya Ungwana isingekuwa na kamba wala samaki. Taabu huanza chakula kinapozidi. Vijimea huzaana upesi kuliko vinavyoliwa, kisha hufa na kuzama, na bakteria wanaoviozesha humaliza oksijeni. Samaki asiyewahi kukimbia hukosa pumzi. Tena kuna daiatomu, vijimea vinavyojenga maganda yao kwa silika. Naitrojeni ikiongezeka bila silika kuongezeka, daiatomu hushindwa na nafasi yao huchukuliwa na jamii nyingine, baadhi zikiwa na sumu.

La ajabu ni kwamba hapa Sabaki mbolea ipo lakini mwanga ni haba. Tope limefunga jua, na kijimea bila jua hakikui. Planktoni hupata nafasi mbele zaidi, tope linapotua na maji kuanza kung'aa. Wakati wa kaskazi maji hayo huelekea kusini, kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi iliyoanzishwa mwaka wa 1968. Wakati wa kusi husukumwa upande wa Ungwana.

Sasa fikiria bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake kwenye Mto Athi ulianza mwaka wa 2018. Bwawa lolote hunasa tope, na silika pia hubaki humo kwa wingi. Naitrojeni iliyoyeyuka haishikiki kwa urahisi hivyo. Maji taka ya Nairobi yakiendelea kuteremka huku tope likipungua, planktoni ya Sabaki itapata vyote viwili, chakula na mwanga.

Nilimweleza mzee kwamba huenda siku moja mto ukaja mweupe.

"Mweupe, au safi?" akaniuliza.

Nikamwambia mweupe. Alinitazama kidogo, akarudia wavu wake, nami nikapanda barabarani kungoja matatu.