Neno Lililobaki Tumboni

Marehemu bibi yangu alikuwa akitusimulia kisa cha Shing'weng'we uani kwetu Tabora, kwa Kinyamwezi, nami nilikuwa nikielewa nusu tu. Zimwi hilo lilimeza watu na mifugo yote, akasalia mama mmoja mjamzito aliyejificha katika rundo la makapi. Akamzaa Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akauliza: watu wengine wako wapi? Alipoelezwa, akatoka kuwinda. Akaua panzi, akamletea mamaye: ndiye huyu? Siye. Akaua ndege; siye. Akaua paa, siye. Hata siku ikafika akaliua zimwi lenyewe, akalipasua tumbo, watu wakatoka wazima.

Ukubwani nikasoma ngano za Unguja alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870. Mle yumo nunda, paka wa Sultani Majnuni aliyeishia kula watu. Mwana mdogo wa sultani anakwenda kumsaka, na kila mnyama anayemuua anamleta kwa mamaye kuuliza kama ndiye. Nilikifunga kitabu. Lilikuwa swali lile lile la uani kwetu.

Nani alimpa mwenziwe? Njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, wakapanda na nguo na shanga. Wengine walishushwa utumwani wasirudi. Hadithi haina uzito, hata aliyefungwa minyororo aliweza kuibeba. Mimi naegemea bara, kwa kuwa hata Wasotho wa kusini wanaye Kholumolumo, mmeza watu, na kijana aliyempasua. Lakini huenda huo ni upendeleo wa mtu wa Tabora.

Aliyenitikisa zaidi yuko mbali. Katika Kalevala, utenzi wa Wafini aliouunda Elias Lönnrot (1835, ukapanuliwa 1849) na ambao Jan Knappert aliutia katika Kiswahili, mzee Väinämöinen anaunda chombo kwa kuimba, akapungukiwa maneno matatu. Anamwendea jitu Antero Vipunen, aliyelala ardhini hata miti imemwotea mwilini. Jitu linammeza. Naye hajipasulii njia ya kutoka: anajenga kiwanda cha mhunzi tumboni mle, anafua chuma mpaka jitu linashindwa kuvumilia na kuimba yote linayoyajua. Masala Kulangwa alitaka watu. Mwenzake alitaka maneno.

Nami ni wa kundi la huyo wa pili. Natunga kwa Kiswahili, naota kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho hicho ndicho kilichokimeza Kinyamwezi cha nyumbani kwetu. Sikilaumu, kimenilea. Ila kila nikisaka neno la bibi, nalisakia ndani ya tumbo lake.

Masala Kulangwa alipokuwa akilipasua zimwi, kisu kilimkata sikio kikongwe mmoja aliyekuwa ndani. Akatoka amefura, hana hata shukrani. Hapo bibi alikuwa akicheka mpaka machozi, kisha anaitaja hasira ya yule kikongwe kwa neno moja la Kinyamwezi. Nimewauliza wazee wawili wa mtaani kwetu. Kila mmoja amenipa neno lake, na yote mawili siyo.