Kitabu Gani kwa Mtoto Gani?

Akina mama wenzetu, kila Januari tunahangaika na sare, viatu na madaftari. Kitabu cha hadithi hatukikumbuki, kwa kuwa hakuna mwalimu anayekidai. Sisi tunaohudumu wodini hapa Dodoma, na Jumapili tukawafundisha watoto kanisani, tumeona jinsi watoto wanavyokikosa kitabu hicho. Tungependa tushauriane.

Kwanza, kipimo. Mwambie mtoto afungue ukurasa wowote na kusoma kwa sauti. Kila akutanapo na neno asilolijua, akunje kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho bado ni kigumu. Msomee wewe, au kiweke hadi mwakani. Akikisogeza kitabu karibu na pua, au macho yakimtoka machozi, usimwite mvivu. Vumbi letu na ugonjwa wa trakoma tunavifahamu. Mpeleke kliniki ya macho.

Kwa wadogo wasiojua kusoma, chagua picha kubwa na maneno machache. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza nchini mwetu mwaka 1991, umesaidia kutolewa kwa vitabu vingi vya namna hiyo kwa Kiswahili. Wa miaka 7 hadi 9 wape hadithi za Sungura na Abunuwasi. Watacheka, na mtoto anayecheka huomba ukurasa mwingine. Wa miaka 10 hadi 13 wanaweza hadithi ndefu. Ndoto ya Amerika ya Ken Walibora (2001) inahusu wavulana wanaotamani kwenda ng'ambo. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952) inaonyesha wivu wa ndugu. Kiswahili chake ni kizito, basi isomeni pamoja.

Baadhi yetu huogopa vitabu vyenye huzuni. Husema, "Mtoto asisikie mambo hayo." Lakini tukumbuke nabii Nathani. Alipotaka kumwonya Daudi hakuanza na karipio, alimsimulia habari ya mwana-kondoo wa maskini, na moyo wa mfalme ukafunguka.

Wako wanafunzi wa sekondari wanaosoma Takadini cha Ben Hanson, kwa Kiingereza. Ni habari ya mama wa Zimbabwe, Sekai, anayejifungua mtoto mwenye ualbino baada ya kungoja miaka mingi, kisha anakimbia naye ili asiuawe. Ni kitabu chenye uchungu. Hata hivyo tuliwahi kumhudumia mzazi aliyejifungua mtoto wa namna hiyo, na jamaa zake wakasimama mlangoni, hakuna aliyethubutu kumpakata. Binti mmoja wa ukoo huo, mwanafunzi, ndiye aliyepita katikati yao akampokea mtoto. Akatuuliza, "Kofia yake ya jua tutaipata wapi?" Alikuwa amekisoma kitabu hicho. Hatusemi kwamba kitabu peke yake ndicho kilichomlea binti yule. Lakini wakati wakubwa walimwona mtoto yule kuwa mkosi, yeye alimwona mtoto.

Basi, mama, kisome kitabu wewe kwanza. Kama ni kizito, mweleze mwanao kwa maneno yako, naye akuulize maswali.

Fedha ni tatizo, tunajua, hasa mvua zinapokataa. Familia tano zikinunua kila moja kitabu kimoja na kubadilishana, kila nyumba imesoma vitano. Maktaba ya Mkoa nayo iko hapa mjini. Wapelekeni watoto siku ya likizo.

Na wewe usiyejua kusoma, usijitoe. Unapochambua mlenda, mkalishe mwanao karibu, kabla giza halijaingia, akusomee. Akinyamaza, muulize, "Halafu ikawaje?" Kwa swali hilo atafungua ukurasa unaofuata.