Feisal, bingwa wa 1965

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya wiki kadhaa. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa natengeneza programu ambayo hakuna mteja aliyeiagiza: hifadhidata ya Feisal, timu ya babu yangu.

Kwa wasiojua (na wengi wa rika langu hawajui), ligi ya taifa ya Kenya ilianza 1963. Nakuru All-Stars walichukua mwaka huo, Luo Union wakachukua 1964, kisha 1965 ubingwa ukaja Mombasa kwa Feisal. Teremka na orodha ya mabingwa kutoka hapo hadi 2025, hutaona tena timu ya Pwani.

Mimi nimekua na Bandari. Nilikuwa chuoni nikisomea kompyuta walipomaliza wa pili 2018, na wa pili tena 2018/19, mara zote mbili nyuma ya Gor Mahia. Ngao ya FKF waliichukua 2019, tukashangilia, lakini ngao si ligi. Kila nilipolalamika, babu alinijibu lile lile: "Sisi twalilichukua."

Basi nikafungua SQLite nikaunda jedwali la mechi: tarehe, mpinzani, mabao, mfungaji, uwanja. Kila safu niliipa sharti kwamba isiachwe tupu, kama tulivyofundishwa. Jumapili nikatoka Changamwe na laptopu yangu, nikavuka feri hadi Likoni kwa babu.

"Babu, tuanze na mechi unayoikumbuka zaidi. Ilikuwa tarehe gani?"

"Tarehe siijui. Ilikuwa siku ya mvua."

Programu ikakataa.

"Nani alifunga?"

Akanitajia Ali Kajo, mshambuliaji wa Kenya wa zama zile, kisha akacheka. "Lakini mimi sikuwako, mjukuu wangu."

Nikaacha kuandika. Kumbe nyingi ya mechi anazonihadithia tangu nikiwa mdogo hakuziona! Alikuwa kijana asiye na pesa ya kiingilio. Yeye na wenzake walikaa pale feri, upande wa Likoni, wakingoja waliokwenda mpirani kisiwani warudi.

"Feri ikikaribia twatazama mikono. Wakipunga, tumeshinda. Wakiwa kimya, twajua. Hatungoji wafike tuwaulize."

Mimi kazi yangu ni kupeleka data kutoka mashine moja hadi nyingine, na mtandao ukikwama sekunde tano wateja hunipigia simu. Babu alingoja kivuko kizima apate biti moja: ndiyo au la. Zaidi ya miaka 60 imepita na biti ile bado anayo.

Jioni ile niliondoa masharti yote. Safu zikaruhusiwa kukaa tupu. Nikaongeza moja mpya, "aliyeleta habari", na hiyo ndiyo iliyojaa haraka kuliko zote: fundi cherehani, mwalimu wa chuo cha Kurani, binamu aliyefanya kazi bandarini. Sasa nina mistari 31. Yenye mabao ni 4 tu.

Wiki iliyofuata nilimuuliza tena kuhusu ile mechi ya mvua. Akasema hapakuwa na mvua, ilikuwa siku ya Idi. Sikuufuta mstari wa kwanza. Nimeongeza wa pili, na kando ya kila mmoja nimeandika siku aliyoniambia.

Babu anakaribia miaka 80. Mwezi uliopita aliniita kwa jina la marehemu baba, mara mbili, na sikumsahihisha. Ndiyo sababu nimekuwa kimya hapa: kazi za wateja nazifanya usiku, na Jumapili zote ni za Likoni.

Ikiwa una mzee Kisauni, Changamwe au Likoni aliyeijua Feisal, mwendee Jumapili hii. Usianze na matokeo. Muulize nani alimletea habari.

Haya, tukutane wiki ijayo, inshallah. Nitawaonyesha kodi yenyewe.