Chumvi ikilia, punguza maji

Tukisema mila watu wengi wanafikiri ngoma, mahari na majina ya mababu. Sisi tunapenda kuongea juu ya mila nyingine ambayo haiandikwi popote: namna mama zetu wa Uvira wanavyosoma hewa kabla ya kupika karamu ya watu wengi nje, chini ya mti au chini ya bashi.

Kwetu karamu haipikwi ndani ya nyumba. Harusi, ubatizo, kumaliza matanga, yote hayo ni mbabula na mafiga katika kiwanja. Kwa hiyo mpishi wa karamu anafanya kazi pamoja na mbingu, apende asipende. Na mbingu ya Uvira iko na tabia yake. Mji umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika. Mchana upepo unatoka ziwani, usiku unashuka kutoka milimani. Tangu mwezi wa sita hadi wa nane ni kiangazi, upepo wa kusini unakausha kila kitu. Kuanzia karibu mwezi wa kumi hadi wa tano ni mvua, na hewa inakuwa nzito kama nguo iliyofuliwa isiyokamuliwa.

Jambo hili tulilijua kwa maneno tu, mpaka siku ya harusi ya binti wa dada yetu. Ilikuwa mwezi wa nne. Kwa kuwa sisi ni walimu, jamaa walitupa daftari la vipimo. Mwezi wa saba wa mwaka uliotangulia tulikuwa tumeandika vipimo vya bitumbura vya ubatizo: unga kiasi hiki, maji kiasi hiki, na hamira, ile tunayoita levire, kiasi hiki. Vilitoka vizuri sana. Tukasema, kipimo ni kipimo. Tukakanda jioni vilevile ili kukaanga asubuhi.

Saa tisa za usiku tulifunua mabeseni. Unga ulikuwa umepanda, umemwagika, halafu umeanguka, na ulinuka uchachu. Tulipojaribu kukaanga, vilikunywa mafuta na kuwa vizito mkononi. Wakwe walikuwa wanafika saa nne. Na pesa ya ule unga ilitoka katika likelemba. Ilikuwa zamu ya mama wa bibi harusi, hakuna zamu nyingine karibu. Tuliona aibu hadi tukakosa maneno.

Ndipo shangazi akaja na taa. Hakuuliza daftari. Alichukua bakuli la chumvi lililokaa mezani, akaingiza vidole, akatuonyesha: chumvi ilikuwa imelowa na kushikana.

«Mwalimu, mtoto wa kaka yangu, unaona hii chumvi inalia? Hewa yote ni maji. Na unga wako umekaa katika mfuko wazi siku tatu, nao umekunywa. Weye tena unaongeza maji ya kiangazi!»

Akaongeza unga mkavu na chumvi kidogo, akakanda upya, akatukataza kuungoja upande sana. Tukakata vidogo na vyembamba, tukakaanga polepole. Havikuwa kama vya mwezi wa saba, lakini wakwe walikula na sahani zikarudi tupu.

Baadaye tulikaa naye, tukamwuliza kama wanafunzi. Aliyotueleza ni elimu kamili. Joto linaharakisha hamira; basi wakati wa mvua unapunguza hamira, unatumia maji ya baridi ya mtungi, na unakanda usiku wa manane, si jioni. Chumvi inaizuia hamira isikimbie. Maji yanatiwa kidogo kidogo, mkono ndio unaosema basi. Bitumbura vya moto havifunikwi kwa plastiki, kwani mvuke wake wenyewe unavilainisha. Unatandika kitambaa ndani ya kapu. Makala yanainuliwa juu ya matofali, yasinywe maji ya chini, maana makala yenye unyevu yanatoa moshi tu. Na mbabula inahamishwa upande upepo unapogeuka kutoka milimani.

Ni vilevile kwa ndagala. Kiangazi, siku moja au mbili za jua zinatosha. Wakati wa mvua, ndagala waliotandazwa juu ya mchanga wanaoza kabla hawajakauka. Aliye na chanja kilichoinuliwa anaokoa kitu, kwani upepo unapita chini na juu, na bashi ni rahisi kutupia. Na muhogo uliokosa jua unaota ukungu, bugali wake unanuka hata ukisonga vizuri. Ndiyo maana mama mwenye akili ananunua unga wa harusi ya mwezi wa nne tangu mwezi wa nane, na kuufunga vizuri.

Mwaka 2017 UNESCO iliandika ufundi wa wapishi wa pizza wa Napoli, huko Italia, katika orodha ya urithi wa wanadamu. Hatuna wivu. Wale nao wanakanda unga na hamira, wanasikiliza joto na unyevu kwa vidole. Lakini tunajiuliza: vidole vya shangazi vitaandikwa wapi?

Swali hili lina haraka. Mvua za leo hazifuati tena kalenda ya wazee. Mwezi wa nne 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabomoa nyumba na kuua watu mjini kwetu, na miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda likameza viwanja vya pwani, pale pale tulipokuwa tukipikia na kukaushia. Daftari la miezi halitoshi tena. Kitakachotusaidia ni ile desturi ya kugusa chumvi kwanza.

Sisi tulirekebisha daftari letu. Juu ya vipimo vyote tuliandika mstari mmoja, na watoto wetu wanaujua: chumvi ikilia, punguza maji. Shangazi alipoonyeshwa alicheka, akasema: «Sasa ndio umesoma.»