Ufunguo Usikae Mfukoni mwa Mtu Mmoja



Juma hili napenda tutafakari pamoja jambo linalogusa uhai wa vigango vyetu vya vijijini, yaani malezi ya viongozi walei na ya wote wanaojitolea kulitumikia Taifa la Mungu pasipo kungoja mshahara.

Tuanze na hesabu nyepesi. Parokia yetu ina vigango 14, na mapadre tupo wawili. Kila Dominika mmoja wetu hubaki makao makuu ya parokia, na mwenzake huenda kuadhimisha Misa katika vigango viwili. Kwa mpango huo, kila kigango hupata Misa ya Dominika mara moja katika majuma saba, sawa na mara saba hivi kwa mwaka. Masika yakikata barabara, idadi hiyo hupungua. Zinabaki Dominika 45. Katika Dominika hizo ni nani anayeongoza ibada? Ni nani anayewafundisha wakatekumeni, anayewazika wafu, anayekaa kando ya kitanda cha mgonjwa, anayewapatanisha mume na mke waliogombana usiku? Ni walei. Si haki kuwaita viraka vya kuziba pengo la padre, kwani Ubatizo na Kipaimara vimewapa utume huo, kama Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulivyofundisha mwaka 1965 katika hati yake juu ya utume wa walei. Maaskofu wetu wa AMECEA, walipokutana mwaka 1976, walifanya ujenzi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Na mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliiweka kazi ya katekista miongoni mwa huduma rasmi za Kanisa.

Hati hizo ni njema, lakini kigango hakiishi kwa hati. Nitawasimulia lililotokea katika kimoja cha vigango vyetu vya mbali. Katekista wake alikuwa mzee aliyetumikia zaidi ya miaka 30, mtu wa sala, mwaminifu, ambaye hakuna aliyewahi kumnung'unikia. Juma moja alipatwa na kiharusi. Dominika iliyofuata waamini walikusanyika kama kawaida, wakaukuta mlango wa kanisa umefungwa. Ufunguo ulikuwa nyumbani kwa mzee. Daftari la wakatekumeni lilikuwa huko huko, pamoja na kitabu cha sadaka na kalenda ya masomo. Mambo mengine hayakuandikwa popote: nani amebakiza miezi mingapi kabla ya kubatizwa, ndoa ipi ina kizuizi, kiwanja cha kanisa kinaishia mti upi. Hayo yote yalikuwa kichwani mwake, na mzee hakuweza tena kusema. Baadhi ya watu walirudi nyumbani. Wengine waliketi chini ya mwembe wakasali Rozari.

Nilipokutana na wazee wa kigango, ombi lao la kwanza lilikuwa niwaletee katekista kutoka kwingine. Ndipo mama mmoja, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akifagia kanisa na kupanga maua, akainuka na kusema kwa upole, "Baba Paroko, wakatekumeni wote nawafahamu kwa majina, na kusoma najua. Kwani ni lazima atoke mbali?" Ukumbi ulikaa kimya. Wapo walioinamisha vichwa, kwa maana walitambua kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza.

Mpendwa msomaji, Maandiko Matakatifu yanatuonyesha kwamba jambo hili ni la kale. Katika sura ya 18 ya Kitabu cha Kutoka, Musa aliketi kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, na mkwewe Yethro akamwonya kwamba atajichosha yeye na watu wake. Alimshauri achague watu hodari, wamchao Mungu, wakweli, wasiopenda mapato ya dhuluma, awaweke juu ya maelfu, mamia, hamsini na makumi. Hesabu hiyo ya makumi si ngeni kwetu tuliowafahamu mabalozi wa nyumba kumi. Kiongozi wa kaya chache humjua aliyelala njaa kabla habari hazijamfikia padre.

Tazameni pia sura ya 6 ya Matendo ya Mitume. Wajane wa upande wa waamini wenye kusema Kigiriki walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na manung'uniko yakazuka. Mitume hawakuwanyamazisha walalamikaji. Waliliachia kusanyiko lichague watu saba, nao wakawawekea mikono. Someni majina ya wale saba: yote ni ya Kigiriki. Inaonekana wazi kwamba kazi ilikabidhiwa kwa wale walioujua uchungu wa kusahauliwa. Mara nyingi vijijini mwetu anayelalamika kwamba hesabu za michango hazisomwi huitwa mkorofi. Pengine huyo ndiye mweka hazina tunayemtafuta.

Naye Bwana wetu, kadiri ya Injili ya Marko sura ya 6, aliwatuma Thenashara wawili wawili. Waliporudi aliwasikiliza wakisimulia waliyoyatenda, kisha akawaalika wakapumzike. Kutuma, kusikiliza na kupumzisha ni mambo matatu, na sisi tumezoea kufanya lile la kwanza peke yake. Tunamteua mtu siku ya uchaguzi, tunampigia makofi, halafu tunamwacha mpaka aharibu ndipo tumwite. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Kwa sababu hiyo kigango kile kilikubaliana kwamba kila huduma iwe na watu wawili: anayeijua na anayejifunza. Anayejifunza kwanza hutazama, kisha hufanya akiwa na mwenzake, kisha hufanya mwenzake akimtazama, mwishowe hufanya peke yake naye akamtafuta wa kumfundisha. Ufunguo wa kanisa sasa upo wa pili. Sadaka huhesabiwa na watu wawili mbele ya mashahidi, na mapato na matumizi husomwa kila mwisho wa mwezi, hata kama ni shilingi elfu tatu. Yule mama anaongoza mafundisho ya wakatekumeni, na pembeni yake ameketi kijana aliyemaliza kidato cha nne.

Si wote waliofurahi. Mzee mmoja alinieleza waziwazi kwamba hajazoea kufundishwa dini na mwanamke, na kwa majuma kadhaa alikaa nje wakati wa ibada. Sikumkemea, wala sikumwondoa mama yule. Mwenye kumrudisha ndani alikuwa mjukuu wake, aliyetaka babu amsikie akijibu maswali ya katekisimu. Tukumbuke kwamba katika jumuiya zetu akina mama ndio wengi wanaosali, wanaopika na wanaowatembelea wagonjwa, ilhali kiti cha mwenyekiti husubiri mwanaume hata asipofika. WAWATA, iliyoanzishwa mwaka 1972, imelea viongozi wengi. Kigango kisiogope kuwatumia.

Wengine huniuliza, "Baba, kuna faida gani kumlea kijana ambaye kesho atakwenda mjini?" Nawajibu kwamba Kanisa ni moja. Jumuiya za mijini zinasimama juu ya mabega ya watu waliojifunza kusoma somo katika kanisa la udongo. Kumbukeni habari za Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na wamisionari, na kwa mpango wa Kardinali Lavigerie akasomeshwa uganga huko Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika, na hapo alitumikia kama tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956, miaka 67. Waliomlea walipanda mbegu katika nchi moja, na mavuno yakaonekana katika nchi nyingine.

Hata hivyo, wapendwa, kujitolea kusigeuke kuwa mzigo wa maskini. Anayejitolea ana shamba, ana watoto, ana ada ya kulipa. Si upendo kuitisha semina ya siku nne wakati wa palizi. Tungoje mavuno yaingie ghalani. Si upendo kumtuma katekista kilomita 20 kwa baiskeli yake na kumwachia peke yake gharama ya tairi. Jumuiya inayoshindwa kumlimia nusu ekari mtu anayeifundishia watoto haina budi kujihoji kama kweli inamthamini. Na mhula ukiisha, tumshukuru mbele ya watu na tumruhusu apumzike, pasipo kumfanya ajione ametupwa.

Mzee wetu yupo hai hadi leo. Mkono mmoja hauinuki na maneno hutoka kwa shida, lakini husikia vema. Kila Alhamisi wale wawili, mama na kijana, huenda kwake na somo la Dominika, wakalisoma mbele yake. Wanapokosea hutikisa kichwa.

Juma hili, mnapokutana katika Jumuiya zenu, naomba mjadili maswali haya mawili. Kila anayetoa huduma katika Jumuiya yetu, ni nani aliye pembeni yake akijifunza? Na ni nani miongoni mwetu ambaye hatujawahi kumwuliza?

Nawatakieni nyote Dominika njema na baraka tele za Mwenyezi Mungu. Tuzidi kuombeana.

Wenu katika Kristo,
Paroko