Idara ya Mtu Mmoja

Chuo Kikuu cha Chicago kilifungua milango yake mwaka 1892, na tangu siku hiyo kilikuwa na idara yake ya michezo. Jambo hili lilikuwa geni. Katika vyuo vingi vya Marekani vya wakati ule michezo ilikuwa mali ya wanafunzi wenyewe: walichanga fedha, walichagua nahodha, na walimwajiri mwalimu wa timu kwa msimu mmoja au miwili kisha wakaagana naye. William Rainey Harper, rais wa kwanza wa Chicago, hakuridhika na desturi hiyo. Chuo chake kilikuwa kichanga, kimesimamishwa kwa fedha za tajiri wa mafuta John D. Rockefeller, hakikuwa na wahitimu wa kukitukuza wala jina la kurithi, na jina lilihitajiwa upesi. Basi alimwita kijana aliyepata kumfundisha katika chuo cha Yale, Amos Alonzo Stagg, akampa cheo cha profesa mshiriki pamoja na kazi ya kudumu, akamweka juu ya idara.

Mpira unaosemwa hapa ni ule wa Kimarekani, ambao kwa kweli huchezwa kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu, na ambao vijana hugongana vikumbo vya kuvunja mbavu ili kusogea mbele hatua chache. Katika mchezo huo Stagg alikuwa na kipaji kisicho shaka. Alikuwa mcha Mungu aliyekusudia kwanza kuwa mhubiri, asiyekunywa pombe wala kuvuta tumbaku, na akili yake haikuchoka kubuni mbinu mpya. Kati ya mwaka 1899 na 1924 timu yake ilitwaa mara saba ubingwa wa umoja wa vyuo vikuu ambao leo huitwa Big Ten. Mwaka 1905 ilikutana na Michigan, iliyokuwa imecheza michezo 56 mfululizo bila ya kushindwa hata mmoja, ikaiangusha kwa pointi 2 kwa 0. Ushindi mwembamba kama uzi. Lakini mji mzima uliusherehekea, na jina alilolitafuta Harper likapatikana.

Anayetaka kujua kwa nini nyumba hii ilianguka hana budi kutazama namna ilivyojengwa. Kwa kuwa Harper alitaka matokeo ya haraka, aliiweka idara ya michezo mbali na mkono wa maprofesa. Stagg aliwajibika kwa rais na kwa wadhamini. Mapato ya milangoni yalikuwa nguvu yake, na mambo ya idara yalikwenda kwa shauri lake. Aliyempa uwezo huo alifariki mwezi Januari 1906, lakini uwezo wenyewe haukufa pamoja naye. Marais watatu wengine walikuja wakapita, na Stagg alikuwapo. Uwanja uliitwa kwa jina lake naye angali hai akiukanyaga kila siku. Hapakuwa na udanganyifu katika hayo, wala hapana aliyemshuku Stagg kwa wizi. Hatari ilikuwa kwamba idara na mtu vilikuwa kitu kimoja, na mtu huzeeka.

Wakati huo huo dunia iliyokizunguka chuo ilibadilika. Vyuo vikuu vya majimbo, kama Illinois, Ohio State na Michigan, vilikuwa na wanafunzi wengi mno, na katika miaka ya 1920 vilijenga viwanja vikubwa vya kutisha. Vilikuwa na shule za elimu ya viungo ambamo kijana hodari wa mpira aliweza kupata shahada bila ya kutaabika sana. Chicago ilielekea upande mwingine. Utafiti na masomo ya juu ndiyo yaliyokuwa fahari yake. Wanafunzi wa shahada ya kwanza walikuwa wachache kuliko wa washindani wake, na shule ya viungo ya namna ile haikuwapo. Stagg naye alichukia kununua wachezaji. Chuki hiyo ilikuwa ya heshima, hasa ikikumbukwa kwamba uchunguzi wa taasisi ya Carnegie uliotolewa mwaka 1929 ulionyesha jinsi biashara hiyo ilivyoenea. Lakini mtu asiyenunua sokoni yampasa awe na shamba lake, na shamba la Chicago lilikuwa likipungua mwaka hata mwaka. Baada ya 1924 ubingwa haukuonekana tena.

Mrithi alikuwapo. Fritz Crisler aliucheza mpira chini ya Stagg, kisha akawa msaidizi wake kwa miaka. Kiti cha Chicago kilikuwa na mwenyewe, na mwaka 1930 Crisler alikwenda kuongoza timu ya Minnesota, kisha Princeton, kisha Michigan. Jina lake litarudi.

Mwaka 1929 chuo kilipata rais wa umri wa miaka 30, Robert Maynard Hutchins. Huyu aliamini kwamba chuo kikuu ni mahali pa kufikiri, na kila kisichosaidia fikira kilikuwa mbele yake kama mgeni aliyekosea mlango. Stagg alipofikia miaka 70 mwaka 1932, kanuni ya kustaafu ilitumiwa juu yake kama juu ya profesa yeyote. Alipewa nafasi nyingine isiyokuwa na timu, akaikataa. Baada ya misimu 41 alifungasha mizigo, akaenda California kufundisha timu ya chuo kidogo cha Pacific, mjini Stockton. Hapo palikuwa mahali pa Hutchins kuamua moja kati ya mawili: kuijenga idara upya au kuifunga. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliajiri mwalimu mpya, Clark Shaughnessy, akaiacha timu icheze na wapinzani wale wale, bila ya kuwapa wachezaji mahitaji waliyokuwa nayo wapinzani hao.

Kwa miaka michache aibu ilifunikwa na kijana mmoja. Jay Berwanger, nahodha wa 1935, alikuwa mtu wa kwanza katika nchi nzima kupewa tuzo ambayo baadaye iliitwa Heisman. Alipoondoka yeye, pazia liliondoka pia. Mwezi Novemba 1938 mzee Stagg, mwenye miaka 76, alirudi Chicago na vijana wake wa Pacific, akaishinda timu aliyoiumba mwenyewe kwa 32 kwa 0, katika uwanja wenye jina lake. Mwezi uliofuata Hutchins alichapisha makala katika gazeti la Saturday Evening Post kuushutumu mpira wa vyuo na tamaa yake ya fedha. Alishauri tiketi zishushwe hadi senti kumi, na walimu wa timu wapewe kazi ya kudumu ili wasiwe watumwa wa mapato. Shauri la pili lilikuwa lile lile alilolitenda Harper zaidi ya miaka 40 kabla yake. Chicago ilikuwa imekwisha kulijaribu, na kilichotokea ni Stagg.

Kisha ukaja msimu wa 1939. Timu ilizishinda Wabash na Oberlin, vyuo vidogo, na kushindwa na Beloit, ambacho nacho ni kidogo. Mbele ya wakubwa haikupata hata pointi moja. Harvard ilishinda kwa 61, Virginia kwa 47, Ohio State kwa 61, Illinois kwa 46. Michigan ilikuja mwezi Oktoba ikashinda 85 kwa 0, na mwalimu wa Michigan alikuwa Fritz Crisler. Katika michezo minane Chicago ilipata pointi 37 na kufungwa 308.

Ni rahisi kuzisoma hesabu hizi kwa kicheko, na wengi walizicheka. Lakini pointi 308 hazikufungwa dhidi ya Hutchins, wala dhidi ya wadhamini. Zilifungwa dhidi ya vijana waliokuwa na mitihani yao ya kusoma, waliovaa nguo za mchezo kila Jumamosi wakijua watakachokipata, na ambao hawakupewa nafasi katika mashauri yaliyowafikisha hapo. Wakubwa walikuwa na mabishano yao juu ya maana ya chuo kikuu. Gharama ya mabishano ililipwa kwa mabega ya wanafunzi. Wala haifai kumtupia lawama mwalimu wao. Shaughnessy alihamia Stanford, timu iliyokuwa imeshinda mchezo mmoja tu mwaka 1939, na mwaka 1940 akashinda michezo yote, pamoja na ule wa Rose Bowl wa siku ya kwanza ya Januari 1941. Ujuzi wake haukuzaliwa katika treni ya kwenda California.

Mwezi Desemba 1939 wadhamini walikubali kuufuta mpira, na mwezi Januari Hutchins aliwaeleza wanafunzi sababu zake. Tangu hapo amesifiwa kama mtu shujaa, na sifa hiyo ina haki yake, kwa kuwa marais wengi walifikiri kama yeye na hawakuthubutu. Hata hivyo ushujaa huo ulichelewa. Sababu alizozitoa zilikuwa kweli mwaka 1932 kama zilivyokuwa kweli mwaka 1939. Kilichoongezeka katikati ni fedheha. Ugonjwa uliachwa ukomae mpaka hapana jamaa aliyebaki na nguvu ya kukataa kisu. Kama njia ya kuwashinda wadhamini na wahitimu wenye kumbukumbu za 1905, ilikuwa na werevu wake. Kama namna ya kuongoza vijana, ni vigumu kuitetea.

Michezo mingine iliendelea kudhoofika katika umoja ule ule mpaka mwaka 1946, Chicago ilipojitoa katika chama ilichosaidia kukiunda mwaka 1896. Majukwaa yalibaki matupu, lakini si bila ya kazi: chini ya jukwaa la magharibi, katika chumba kilichokuwa cha mpira wa ukutani, Enrico Fermi na wenzake waliwasha kinu cha kwanza cha nguvu za atomu tarehe 2 Desemba 1942. Majukwaa yalibomolewa mwaka 1957. Stagg alifariki mwaka 1965 akiwa na miaka 102. Mwaka 1969 chuo kilirudisha timu ya mpira, safari hii kwa kucheza na vyuo vya kimo chake na bila ya kumlipia mtu masomo kwa sababu ya mabega yake, katika uwanja mdogo uliopewa jina lile lile la zamani. Mahali pa uwanja wa kwanza palikuwa pakijengwa maktaba, iliyofunguliwa mwaka uliofuata.