Kigari Kilichokufa kwa Kiu

Kwa miaka minne kigari kile kilikaa nyuma ya ghala la chuo, chini ya mwembe, matairi yameisha upepo na kuku wa jirani wakitaga chini ya kiti chake. Nilikipita kila asubuhi nikielekea darasani kufundisha utawala na maendeleo, wala hakikunisumbua. Leo kinanisumbua, kwa kuwa katika jalada la mali chakavu za chuo imo hati inayosema kwamba kigari hicho kimefikia mwisho wa maisha yake na hakifai kutengenezwa. Hati hiyo ina saini tano. Moja ni yangu.

Nayaeleza haya, ndugu msomaji, si kwa ajili ya kujisuta tu. Naamini kwamba katika ofisi nyingi za umma kuna kigari cha namna hii, na kuna mtu aliyekitilia saini bila kukifunua.

Kilikuwa kigari cha mizigo kinachotumia umeme: viti viwili mbele, sehemu ya kupakia nyuma, na betri nane za volti 6 chini ya kiti, zilizounganishwa mfululizo kutoa volti 48. Kilibeba karatasi za mitihani, dawa za zahanati na magunia ya unga wa bwalo. Kilipokufa, kazi hiyo haikufa. Ilihamia kwenye mkokoteni, na mkokoteni ukahamia mikononi mwa dereva yule yule, mzee wa miaka 57, akisaidiwa na vibarua wawili kuusukuma hadi juu kilimani.

Siku moja nilimkuta amepumzika katikati ya mteremko, jiwe ameliweka nyuma ya gurudumu, mkono umeshika kiuno. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, kisha nikamwambia, kwa nia njema isiyo na msaada wowote, kwamba ni bahati mbaya kile kigari kilikuwa kibovu. Akanitazama kidogo.

"Hakikuwa kibovu, mwalimu. Kilikosa maji."

Wasiojua betri watadhani ni fumbo. Ndani ya betri ya risasi mna sahani za risasi zilizozama katika asidi ya salfuri iliyochanganywa na maji. Kila inapochajiwa, sehemu ya maji hugeuka gesi na kupotea. Usipoongeza maji safi ya betri, sahani hubaki wazi na kuharibika; na betri ikiachwa bila chaji, hujijengea tabaka gumu la salfeti lisiloyeyuka tena. Na kwa kuwa betri hizo hufanya kazi kama mnyororo, moja ikidhoofika huwavuta wenzake wote.

Mzee aliyajua haya. Aliomba maji ya betri, lita chache ambazo bei yake haizidi mlo wa mchana wa watu wawili. Ombi lake lilipaswa kuwa dokezo. Dokezo likapita kwa msimamizi wake, likaenda masjala, likafika kitengo cha ununuzi, likarudishwa kwa kukosa ankara kifani tatu, likapelekwa tena, likarudishwa kwa kuwa kifungu cha matengenezo kilikuwa kimekwisha. Mwaka mpya wa fedha ulipoanza, betri mbili zilikuwa zimekufa. Kufikia Desemba zote nane zilikuwa zimefuata.

Ndipo ikaundwa kamati yetu. Tulisimama mbele ya kigari kwa muda usiofika dakika kumi. Tulikuwa na shahada za uzamili na uzamivu baina yetu, na hakuna aliyeinua kiti kutazama chini yake. Dereva alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu, akisubiri tumalize ili afunge ghala. Hatukumuuliza neno. Hakuwa mjumbe.

Nimefundisha kwa miaka mingi waraka wa Mwalimu Nyerere wa mwaka 1967 kuhusu Elimu ya Kujitegemea, na onyo lake juu ya elimu inayomtenga msomi na watu wake. Nimetunga maswali ya mitihani juu yake na kuyasahihisha. Siku ile mteremkoni nilijiona ndani ya swali.

Kigari kilikuwa kimepelekwa mnadani mara mbili bila kupata mnunuzi. Nikaandika kuomba kitumike kwa mafunzo ya vitendo ya wanafunzi, kikiendelea kuwa mali ya chuo. Kibali kilichukua miezi mitano. Kazi yenyewe ilichukua wiki saba. Naomba watumishi wenzangu wazikumbuke namba hizo mbili.

Tulikuwa wanafunzi tisa wa uhandisi, mhadhiri wao, mzee wetu, mimi niliyekabidhiwa brashi ya waya, na fundi wa bajaji kutoka mtaani, kijana ambaye hakumaliza kidato cha nne. Ndiye aliyekuwa mwalimu wetu sote. Alifungua mota, akatuonyesha kaboni zilizolika hadi kubaki vipande, akapuliza vumbi, akasafisha shaba kwa msasa laini, akasema mota ni nzima. Fremu ilikuwa na kutu mahali pawili. Ikakatwa na kuchomelewa upya. Breki zilikuwa zimegandamana. Mkusanyiko mzima wa "ubovu" uliotajwa katika hati yetu ulikuwa, ukiondoa betri, kazi ya siku nane.

Betri ndiyo iliyotufanya tufikiri. Zile nane za zamani zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 200. Badala yake tuliweka moja ya litiamu yenye kemia ya chuma na fosfeti, volti 51.2, isiyofika kilo 60. Hujazwa kwa uniti zisizofika sita za umeme, na uzito uliopungua umekuwa nafasi ya mzigo. Chaja ya zamani haikufaa tena, kwa kuwa betri ya aina hii ina kikomo chake cha volti. Tukanunua nyingine, pamoja na kidhibiti mwendo kipya. Gharama zote zilifika shilingi milioni 4 na laki 6, kutoka fungu la mafunzo kwa vitendo.

Majaribio ya kwanza yalituaibisha. Kigari kilipanda mlima vizuri kwa mita mia moja, kisha harufu ya plastiki iliyoungua ikatusimamisha. Tulikuwa tumebadilisha vifaa vya gharama na kuacha nyaya za zamani, zenye viungo vilivyolegea na kuota kutu. Kiungo kibaya huzuia mkondo, na kizuizi hicho huzalisha joto. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Fundi hakucheka. Alisema tu, "Mmevaa suti juu ya kidonda." Tulibadilisha nyaya zote.

Likabaki swali la betri zilizokufa. Wapo waliotaka kuziuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu wanaopita na mikokoteni. Wanafunzi walikataa, na ninajivunia hilo. Walikumbuka yaliyowapata wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilimwaga sumu ya risasi katikati ya makazi ya watu, hadi mahakama mwaka 2020 ikaamuru walipwe fidia. Risasi ikiingia katika damu ya mtoto huharibu ubongo, na hakuna fidia inayourudisha. Tulizihifadhi kwenye sakafu ya saruji, zimefunikwa, hadi tulipompata mnunuzi mwenye kibali cha mazingira. Kitu cha umma hakimaliziki siku kinapofutwa kwenye daftari. Huenda mahali fulani, na mahali hapo panaishi watu.

Jambo jingine lilisemwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili, akishika ile betri mpya iliyotoka ng'ambo. Sehemu ya ndani inayopokea chaji ya betri kama hiyo hutengenezwa kwa kinywe, na kinywe kiko kwetu, Mahenge na Ruangwa. Tutakichimba na kukisafirisha, kisha tutakinunua kikiwa ndani ya boksi. Nilikuwa na mhadhara mzima juu ya uchumi tegemezi wa kumjibu. Niliona hauhitajiki.

Sasa niseme lile lililonifanya niandike. Kigari kiliporejea kazini, kiongozi mmoja alitupongeza kwa furaha ya kweli: "Teknolojia imetatua tatizo. Betri hii haihitaji maji." Ni kweli, haihitaji. Lakini inahitaji viungo vikazwe, breki zikaguliwe, matairi yajazwe upepo, chaja isinyeshewe. Tumebadilisha betri, hatujabadilisha safari ya dokezo. Siku kaboni za mota zitakapoisha, mzee au mrithi wake ataandika tena, na karatasi itapanda ngazi zile zile. Kigari hakikuuawa na uzee wala na teknolojia ya kale. Kiliuawa na mpangilio ambamo anayejua hana saini na mwenye saini hajui. Mpangilio huo una uwezo wa kuua betri ya aina yoyote.

Sidai kwamba kila chakavu kifufuliwe. Vipo vitu ambavyo kuvitengeneza ni kutupa fedha. Wala sidharau taratibu za ununuzi, kwani zimewekwa kuzuia wizi. Ninachodai ni kidogo. Kila anayetunza chombo cha umma awe na fedha kidogo ya dharura anayoitolea hesabu mwenyewe. Na hakuna hati ya kufuta mali itakayotiwa saini kabla ya kuandikwa ndani yake maelezo ya mtu aliyekitumia chombo hicho kila siku. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunasema. Lakini tumewanyima udongo wale wanaouona ufa.

Tumeanzisha daftari la matengenezo. Linaning'inia kwa kamba kwenye usukani, na kila Ijumaa mzee huandika alichokagua na kutia saini yake. Alipotia ya kwanza aliniuliza, "Na hii, mwalimu, nani ataisoma?" Nilimwambia nitaisoma mimi. Baada ya miaka miwili na nusu atatimiza miaka 60 na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Nami kuna siku nitaondoka. Nimepeleka dokezo kuomba daftari hilo litambuliwe rasmi na msomaji wake atajwe kwa cheo. Huu ni mwezi wa tatu. Bado liko masjala.